CBT katika huduma ya umma ya England: mwongozo kamili, kuanzia rufaa hadi kufunga faili

Katika huduma ya umma mteja hupewa vikao vya kuhesabu. Anaweza kupata 8, anaweza kupata 12, akiwa na sonona kali anaweza kufika 16, na vikiisha vimeisha, maana nyuma yake ipo foleni. Karibu kila ushauri ulio hapa unatokana na jambo hilo. Tiba ya fikra na tabia, ambayo kazini kila mtu huiita CBT, huandaliwa ndani ya saa moja mnayokaa pamoja, kisha hufanyika kwenye basi, jikoni, kazini na kitandani usiku, katika saa nyingine 167 za wiki. Mtaalamu anayesahau hilo huendesha mazungumzo mazuri, mteja hushukuru kila wiki, na alama hazisogei.

Huduma tunayoizungumzia ni NHS Talking Therapies, sehemu ya huduma ya afya ya umma (NHS), ya watu wazima wenye sonona na matatizo ya wasiwasi nchini England. Ilianza 2008 kwa jina la IAPT (Improving Access to Psychological Therapies) baada ya majaribio Doncaster na Newham, na jina likabadilishwa 2023. Waliosukuma hoja yake ni mwanauchumi Richard Layard na mwanasaikolojia David Clark: tiba zilizothibitishwa zipo, wanaozihitaji hawazipati, na kutowatibu kunaigharimu nchi zaidi ya kuwatibu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mipango yao, kwa hiyo usidhani kila utakachosoma hapa kinatumika huko. Tumewaandikia wasemaji wa Kiswahili wanaotaka kuingia kazi hii au walioingia karibuni, hasa wauguzi wa afya ya akili na maofisa ustawi wa jamii.

Kuingia kazini

Ngazi ni mbili. Wataalamu wa hatua ya pili, wanaojulikana kama PWP (Psychological Wellbeing Practitioner), humwongoza mteja ajitibu kwa vitini na mazoezi, mara nyingi kwa simu, dakika kama 30 kila mara, mara sita hadi nane. Wataalamu wa hatua ya tatu hutoa CBT kamili. Katika ngazi za mishahara za NHS, mwanafunzi wa PWP hulipwa Band 4 na akihitimu Band 5; mwanafunzi wa CBT hulipwa Band 6 na akihitimu Band 7. Mafunzo huchukua takriban mwaka mmoja, na mwanafunzi hugawa wiki yake kati ya chuo na kituo cha huduma huku akilipwa mshahara.

Kwa mafunzo ya CBT unahitaji taaluma ya msingi inayotambuliwa, kama uuguzi wa afya ya akili, ustawi wa jamii, tiba kwa shughuli (occupational therapy) au saikolojia ya kitabibu. Usipokuwa nayo, ipo njia ya KSA: unakusanya ushahidi wa maarifa, ujuzi na mwenendo wako, kigezo kwa kigezo. Anza kuukusanya mapema. Walio wengi hukwama kwa sababu wanatafuta barua za miaka mitano iliyopita wakati dirisha la maombi limebaki na wiki mbili. PWP hutakiwa afanye kazi yake miaka miwili baada ya kuhitimu kabla ya kuingia mafunzo ya CBT. Ukimaliza, unaomba ithibati ya BABCP, chama cha wataalamu wa CBT, inayotaka pamoja na mengine saa 200 za tiba chini ya usimamizi na wateja wasiopungua 8 uliowahudumia tangu tathmini hadi mwisho.

Katika fomu ya maombi usijaze ukurasa kwa maneno ya huruma na upendo kwa watu. Msomaji wa fomu anazo mia moja za aina hiyo. Eleza mtu mmoja uliyemhudumia, bila kumtambulisha: tatizo lilikuwa nini, ulilipimaje, ulifanya nini, kipimo kilibadilikaje, na msimamizi wako alikusahihisha wapi.

Soma alama kabla ya kumwona mtu

Kabla ya kila kikao mteja hujaza madodoso. PHQ-9 hupima sonona kwa maswali 9, kila moja 0 hadi 3, jumla 27. GAD-7 hupima wasiwasi, jumla 21. Yote mawili huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Kizingiti cha PHQ-9 ni 10, cha GAD-7 ni 8. Kuna matatizo yenye vipimo vyake: PCL-5 kwa kiwewe, kizingiti 32, SPIN kwa hofu ya kujumuika na watu, kizingiti 19. Mwenye kiwewe akipimwa kwa GAD-7 peke yake, tiba inaweza kufanya kazi vizuri na karatasi isionyeshe.

Soma jibu la kila swali, usiishie kwenye jumla. Mteja anaweza kushuka kutoka 17 hadi 13, ukafurahi, kumbe swali la 9, linalouliza kuhusu kutamani kufa au kujiumiza, limepanda kutoka 0 hadi 1. Hiyo moja ndiyo habari ya siku. Vilevile angalia nini kimeshuka. Usingizi ukirudi huku hamu ya vitu ikibaki 3, mtu anapumzika lakini bado hajarudi kwenye maisha yake.

Kwa hesabu za huduma, mtu huhesabiwa amepona kama alianza kwenye kizingiti au juu yake katika kipimo kimojawapo na amemaliza chini ya vizingiti vyote viwili. Nafuu ya uhakika ni kushuka alama 6 au zaidi kwenye PHQ-9, au 4 au zaidi kwenye GAD-7, bila kipimo kingine kupanda kwa kiasi hicho. Aliyetoka 11 hadi 9 "amepona" kwa hesabu ilhali badiliko lake laweza kuwa la kubahatisha. Aliyetoka 24 hadi 13 hajafika mstari, lakini ameanza tena kupika na kuwapeleka watoto shule. Lengo la taifa la kupona kwa miaka mingi limekuwa asilimia 50, na viongozi wataliulizia lengo la sasa. Lijue, lakini usimfungie mtu faili wiki aliyoteremka hadi 9 kwa bahati ya wiki nzuri.

Tathmini: tafuta hofu iliyo chini ya hofu

Watu watano wanaweza kukuambia sentensi moja: "Siwezi kupanda basi." Swali linalowatenganisha ni hili: hofu yako ingetimia, jambo baya kabisa ambalo lingetokea ni lipi? Wa kwanza anaogopa moyo utasimama. Huyo tazama mashambulizi ya hofu. Wa pili anaogopa watu wataona jasho lake na kumcheka. Hiyo ni hofu ya kujumuika. Wa tatu harufu ya dizeli inamrudisha njiani alikotekwa, kiwewe. Wa nne anaogopa uchafu wa vishikio. Chunguza mawazo na vitendo vya kujirudiarudia. Wa tano haogopi chochote, amechoka tu na haoni sababu ya kwenda mjini. Hiyo ni sonona.

Jibu hilo ndilo linalochagua tiba. Miongozo ya NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba England, inataja kiasi cha vikao: mashambulizi ya hofu, jumla ya saa 7 hadi 14; wasiwasi wa kudumu, vikao 12 hadi 15 vya saa moja; hofu ya kujumuika, hadi vikao 14 vya dakika 90; kiwewe, kwa kawaida 8 hadi 12; sonona, 8 ikiwa si kali na 16 ikiwa kali. Ukikosea tatizo kuu, unatumia nusu ya vikao kutibu kivuli. Mteja akiwa na matatizo matatu, muulize: lipi likiondoka, mengine yatakuwa mepesi? Anzeni na hilo, na liandikwe kama lengo linaloonekana. "Kuwa na amani" haliwezi kupimwa. "Kupanda basi namba yangu peke yangu mara tatu kwa wiki hadi mwisho wa Machi" linapimika.

Kuuliza kuhusu kujiua

Uliza kwa jina lake. Maneno ya kuzunguka, kama "unafikiria kufanya jambo baya?", humfundisha mteja kwamba hata wewe unaliogopa neno. Kwa Kiswahili, kauli zenyewe zina ngazi, na ukizisikia zifuatilie moja baada ya nyingine. "Natamani Mungu anichukue" ni kutamani kufa bila kupanga. "Bora nife tu" inaweza kuwa uchovu, inaweza kuwa zaidi. "Nimeshachoka, watabaki salama bila mimi" ni ya kusimamisha kila kitu kingine.

Mfuatano unaofaa ni huu: Umefikiria kujiua? Mara ya mwisho lini? Umefikiria kwa njia gani? Hicho kitu unacho nyumbani sasa? Umewahi kujaribu? Nini kimekuzuia mpaka leo? Swali la mwisho usiliharakishe. Jibu lake ndilo mlango wa mpango wa usalama. Mpango huo uandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe: dalili za mwanzo, mambo mawili au matatu ya kufanya peke yake, watu wa kupigia na namba zao, jinsi ya kuondoa dawa au vitu hatari nyumbani, na mahali pa kwenda. Kwa dharura ya afya ya akili England mtu hupiga 111 na kuchagua 2. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, 999. Hatari ikiwa ya karibu, usimwache mteja aondoke na miadi ya wiki ijayo. Mpigie msimamizi siku hiyohiyo, mteja akiwa bado yupo.

Wateja waliokulia Afrika Mashariki wanaweza kunyamaza kwa sababu nyingine kabisa. Kenya na Tanzania, kujaribu kujiua kumekuwa kosa la jinai kwa miaka mingi (Kenya, Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha katiba 2025), na mtu anaweza kuamini kuwa akikiri ataitiwa polisi au atanyang'anywa watoto. England na Wales ziliondoa kosa hilo 1961. Mwambie hilo kabla ya kuuliza, pamoja na mipaka halisi ya usiri: nani utamwambia, kwa sababu gani, na kwamba utamjulisha kwanza kila inapowezekana.

Kuchora tatizo

Kufikia kikao cha pili au cha tatu, chukua karatasi mchore pamoja mzunguko wa tatizo. Usilete mchoro uliokwisha kuchorwa nyumbani kwako. Mteja ataukubali kwa adabu na hautakuwa wake. Chagua tukio moja la karibuni, siku na saa, ulirudie polepole.

Mfano: Jumanne, foleni ya dukani, saa kumi jioni. Moyo ulianza kwenda mbio. Kichwani akajiambia: "Nitazimia hapa." Hofu ikapanda, na hofu ikauongezea moyo kasi. Akashika toroli kwa nguvu, akavuta pumzi ndefu, akaacha vitu akatoka. Hakuzimia. Kwa hiyo akajifunza nini? Kwamba toroli ndilo lililomwokoa. Hapo ndipo tatizo linapojilisha, na hapo ndipo kalamu yako isimame kidogo. Mbinu za kujikinga, yaani kushika, kukaa, kubeba maji, kumpigia dada simu, humnyima mtu nafasi ya kugundua kwamba kilichokuwa kinaogopwa hakikuwa kinakuja. Muulize: "Usingeshika toroli, unadhani ingekuwaje?" Akijibu kwa uhakika kwamba angeanguka, mmeshapata jaribio lenu.

Dakika 60 za kikao

Dakika tano za kwanza: hali, alama, jambo lolote la hatari. Tano zinazofuata: ajenda, mambo mawili, yasizidi matatu, yaliyopangwa pamoja. Dakika kumi: kazi ya wiki iliyopita. Kama hukuiulizia leo, wiki ijayo hataifanya, na atakuwa sahihi. Thelathini: kazi kuu ya siku. Kumi za mwisho: kupanga kazi ya wiki na kuuliza maoni.

Kinachovunjika mara nyingi ni zile dakika kumi za mwisho. Kazi kuu inanoga, muda unakwisha, na kazi ya wiki inatupwa mlangoni kama salamu: "basi jaribu kutoka-toka kidogo." Ukiona saa imefika dakika ya 50, simama hata kama mko katikati ya jambo zuri.

Maoni nayo yana ugumu wake kwetu. Mtu aliyelelewa kuamkia "shikamoo" hawezi kumwambia mtaalamu kwamba kikao hakikumsaidia. Ukiuliza "kikao kilikuwa sawa?", jibu ni "sawa kabisa, asante." Uliza: "Leo nimesema mambo mengi. Lipi halikukaa vizuri, au hukubaliani nalo?" Ukikuta hakuna kwa wiki nne mfululizo, sema wazi kuwa kukukosoa kunaisaidia kazi na hakukuvunjii heshima.

Jaribio, hatua kwa hatua

Turudi kwa yule wa dukani. Lengo ni kupima "nikipata kizunguzungu nitazimia". Kwanza hakikisha afya: mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa, pumu kali au mjamzito hafanyi zoezi la kupumua haraka, ukiwa na shaka, wasiliana na daktari wake wa familia kwanza.

Andikeni utabiri: "Nikipumua haraka nimesimama, nitaanguka ndani ya dakika moja." Anaamini kwa kiasi gani, 0 hadi 100? Tuseme 80. Andikeni pia mbinu za kujikinga zitakazoachwa: kutoshika kiti, kutoegemea ukuta, kutokaza miguu. Kisha simameni wote wawili na mpumue kwa kasi na kwa kina, takriban pumzi 30 kwa dakika, kwa dakika moja hadi mbili. Fanya naye, ukikaa unamtazama, unamwambia kwa mwili wako kwamba ni hatari. Atasikia kizunguzungu, ganzi vidoleni, mapigo ya moyo. Muulize kama ndizo dalili za dukani. Kama ndizo, mwambie aendelee kusimama kwa mguu mmoja. Ndiyo, kwa mguu mmoja. Anayekaribia kuzimia hawezi hilo.

Baadaye ndiyo mazungumzo. Kuzimia kwa kawaida hutokea shinikizo la damu linaposhuka. Wakati wa hofu moyo unakwenda mbio na shinikizo hupanda. Kuna walio tofauti, wanaoogopa damu au sindano, ambao shinikizo lao huporomoka kweli, na wao wana zoezi lao la kukaza misuli. Pima tena imani: labda imeshuka hadi 35. Muulize hiyo 35 inatoka wapi. Jibu la kawaida ni "kwa sababu ulikuwepo". Vizuri: la pili atafanya peke yake nyumbani, la tatu kwenye foleni ya duka lilelile, saa kumi jioni, bila toroli.

Kosa linalofanywa na wataalamu wenye huruma ni kumfundisha kupumua polepole na kumwambia atumie pumzi hiyo kila hofu ikija. Ukifanya hivyo umempa toroli jingine.

Kwa sonona, jaribio lina sura nyingine: ratiba ya shughuli. Mteja huandika kwa wiki moja alichofanya kila saa na hali ya moyo 0 hadi 10, kisha mnapanga shughuli ndogo kufuata saa, zisisubiri hamu. "Nikipata nguvu nitatoka" hugeuzwa "saa nne asubuhi navaa viatu." Kwa kiwewe kazi kuu ni kurudia kumbukumbu kwa utaratibu na kuzisahihisha maana zake kali; panga dakika 90 na usimwache mteja atoke mlangoni wakati akili yake bado iko kwenye kumbukumbu hiyo.

Kiswahili chumbani

Ukihudumia kwa Kiswahili, au ukifanya kazi na mkalimani, maneno manne yatakusumbua.

La kwanza ni *mawazo*. Mtaalamu hutaka kuuliza fikra iliyopita kichwani, anasema "ulikuwa na mawazo gani?" Mteja anasikia "una shida gani?", maana "nina mawazo" kwetu ni kusema nimelemewa. Anaanza kukusimulia kodi ya nyumba. Uliza badala yake: "Wakati ule, kichwani ulijiambia nini?"

La pili ni *kuhisi*. "Nilihisi nitakufa" si hisia. Ni fikra, na hisia yake ni hofu. Kwenye karatasi yenye safu mbili za fikra na hisia, kila kitu kitaangukia safu ya hisia usipouliza: "Na ulipojiambia utakufa, moyoni kulikuwa na nini: hofu, aibu, hasira?"

La tatu ni *kazi ya nyumbani*. Mama mwenye watoto wanne atadhani unamwambia akadeki. Sema "jaribio la wiki" au "zoezi la wiki".

La nne ni *presha*. Anaweza kumaanisha shinikizo la damu lililopimwa, anaweza kumaanisha moyo kwenda mbio, anaweza kumaanisha kukasirishwa na jamaa. Usiandike kwenye faili kabla ya kuuliza ilipimwa lini na nani.

Na pale kipimo cha 0 hadi 100 kinapokuwa kigeni, shilingi husaidia: "Ungekuwa na shilingi mia za kuweka dau kwamba utaanguka, ungeweka ngapi?" Kwa asiyependa mambo ya dau kwa sababu ya dini, tumia glasi ya maji: imejaa, nusu, robo. "Inshallah" isikupite juujuu. Kwa wengi ni ahadi ya dhati, kwa wengine ni njia ya upole ya kukataa. Utajua ukiuliza siku, saa na mahali.

Ukiagiza mkalimani, usiandike "Kiswahili" ukaishia hapo. Mkongomani wa Kivu, mtu wa Unguja na Mbrava aliyekulia pwani ya Somalia wanaweza wote kuandikishwa kwa lugha hiyo, na mkalimani anayemfaa mmoja akampoteza mwingine. Uliza anatoka wapi na anapenda mkalimani mwanamke au mwanamume. Uliza pia kama kuna ukoo au kabila asilotaka mkalimani atoke, hasa kwa waliokimbia vita. Jumuiya zetu ni ndogo. Mteja anaogopa kukutana na mkalimani harusini. Weka muda mrefu zaidi, dakika 90 zikiwezekana, zungumza na mkalimani dakika kumi kabla ili ajue kwamba atatafsiri kila neno hata lisilo na maana, na tumia huyohuyo hadi mwisho. Mtoto au mume wa mteja hatafsiri tiba, hata siku moja.

PHQ-9 ina tafsiri za Kiswahili. Zitumie, lakini asiyesoma vizuri msomee swali kwa swali, na ueleze kwamba linauliza ni siku ngapi kati ya wiki mbili, maana wengi hujibu kwa uzito wa jambo.

Alama zisiposhuka

Kikao cha nne ni cha kupima safari. Ukiona mstari umelala, pitia sababu kwa mpangilio huu, kwani za mwanzo ndizo za kawaida. Mazoezi ya wiki hayafanyiki, au yanafanyika nusu. Mbinu moja ya kujikinga imefichika. Mwombe mteja akuonyeshe, usiombe maelezo tu. Tatizo kuu lilikosewa. Pombe au mirungi inafuta kazi ya wiki. Mambo ya nje yamezidi: kesi ya uhamiaji, nyumba yenye unyevu, mume anayepiga. Hapo CBT haitoshi peke yake, na kumwambia mtu abadili fikra kuhusu hatari iliyo ya kweli ni kumkosea. Mwelekeze kwa mshauri wa sheria, huduma ya makazi au ulinzi wa watu wazima, kisha mwamue pamoja kama tiba iendelee sasa au isubiri.

Mteja asipofika bila taarifa, piga simu siku hiyo. Utaratibu wa huduma nyingi ni kufunga faili baada ya kukosa mara kadhaa, lakini kwa wasemaji wa Kiswahili barua nyingi za NHS hazisomwi; simu ya dakika tatu huokoa vikao vilivyobaki.

Usimamizi na mwili wako

Huduma nyingi humpangia mtaalamu wa CBT takriban saa 20 za kuonana na wateja kwa wiki, na saa moja ya usimamizi. Peleka swali moja kwenye usimamizi, na kipande cha rekodi cha dakika tano, kile unachoona aibu kukisikiliza. Rekodi hupimwa kwa CTS-R, kipimo cha ubora wa kikao cha CBT chenye vigezo 12 vya alama 0 hadi 6, jumla 72, na kozi nyingi huhesabu 36 kuwa ya kufaulu. Waanzao hupoteza alama pale pale: ajenda isiyofuatwa na kazi ya wiki ya kuharakishwa.

Usipange wateja watatu wa kiwewe mfululizo. Andika kumbukumbu ndani ya dakika kumi baada ya kikao. Ukizilimbikiza hadi Ijumaa, utaandika kikao cha Jumatatu kwa kukisia.

Kufunga faili

Taja mwisho tangu kikao cha kwanza, na ukumbushe kila baada ya vikao vitatu: "tumebakiwa na vitano." Vikao viwili vya mwisho ni vya kuandika mpango wa kubaki salama. Mteja aandike kwa mkono wake, kwa lugha yake: tatizo langu lilikuwa likijilisha kwa nini, nilijifunza nini dukani, dalili zangu za kwanza zikirudi ni zipi, nitafanya nini wiki hiyohiyo. Apige picha karatasi hiyo ibaki kwenye simu, na achague tarehe mbili za kuisoma, moja baada ya mwezi na nyingine baada ya mitatu.

Mweleze kwamba anaweza kurudi kwa kujiandikisha mwenyewe, bila kupitia kwa daktari. Kisha andika barua fupi kwa daktari wake wa familia, yenye alama za mwanzo na za mwisho, tiba iliyotolewa na hatari iliyobaki. Nakala yake umsomee mteja kwa Kiswahili kabla hajatoka, ili uliyokosea ayasahihishe hapo hapo.